Ndege za mabomu juu ya viwanja vya michezo: hesabu ya sekunde, na bili analipa nani

Mzee wa Rada (#1)

Wakuu, salama?

Huu uzi nimeuahirisha siku nyingi. Leo mvua imenifungia ndani, umeme upo, basi tuongee ndege.

Usiku wa kuamkia Februari 8, 2021 nilikuwa macho sebuleni saa nane na kitu, sauti ya televisheni nimeiminya isiamshe watoto. Tampa, Florida, ndiyo kwanza jioni. Fainali ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl ya 55, Tampa Bay Buccaneers na Kansas City Chiefs. Mpira wenyewe nakiri siuelewi hadi leo, wanasimama kila baada ya hatua tano kama daladala ya Gongo la Mboto. Nilichokuwa nakeshea ni wimbo wa taifa.

Wimbo ulipofika ukingoni zikapita ndege tatu za kudondosha mabomu, zimejipanga: B-1, B-2 na B-52. Chukua kalamu. 1 jumlisha 2 jumlisha 52. Unapata 55, namba ya fainali yenyewe. Aina hizo tatu zilikuwa hazijawahi kupita pamoja juu ya Super Bowl. Kila moja ilitoka kambini kwake: B-1 Ellsworth, South Dakota, B-2 Whiteman, Missouri, B-52 Minot, North Dakota, huko juu karibu na mpaka wa Canada. Zikavuka nusu ya nchi, zikakutana angani, zikapita juu ya uwanja sekunde mbili tatu, zikaondoka. Na uwanja wenyewe haukufika hata watu 25,000 kwa sababu ya Korona.

Najua mnachotaka kusema: Wamarekani wana hela ya kuchezea. Hela tutaifikia. Kwanza tuangalie kazi yenyewe, maana kilichoninyima usingizi ni ile sekunde.

Tuseme ndege inakwenda kilomita 540 kwa saa. Hiyo ni mita 150 kila sekunde, uwanja mzima wa mpira na chenji. Ikichelewa sekunde nne, mwimbaji kamaliza, watu wameshapiga makofi, ndege ndiyo inaingia kama mgeni wa harusi aliyefika sahani zinaoshwa. Ikiwahi sekunde nne, ngurumo inamfunika mwimbaji pale pale kwenye sauti ya juu aliyoifanyia mazoezi. Na haiwezi kusimama ikasubiri. Bodaboda anaweza kujibanza pembeni, mguu chini. B-52 yenye injini nane na mabawa ya mita 56 haina pembeni.

Wanachofanya ni hiki. Ndege zinazunguka mbali kidogo na uwanja, mzunguko mrefu wenye umbo la njia ya riadha. Uwanjani yupo mwenzao mwenye redio mkononi, sikio lipo kwenye wimbo. Wimbo wa taifa wa Marekani unachukua kama dakika mbili. Kwa mwendo wetu wa kilomita 9 kwa dakika, mwimbaji anapofungua mdomo ndege iwe kilomita 18 nje. Akiwa na mbwembwe, akavuta maneno hadi dakika mbili na nusu, umeongeza kilomita nne na nusu. Ndiyo maana wanampima kwa saa tangu kwenye mazoezi, na siku yenyewe mtu wa redio anamfuata mstari kwa mstari. Mwimbaji akichelewa, huko angani wanapunguza mwendo. Akikimbiza, wanaongeza, au kona ya mwisho wanaikata fupi.

Kufika juu ya alama fulani ardhini, kwa sekunde fulani, ukitokea maelfu ya kilomita: hiyo ndiyo kazi ambayo ndege ya mabomu ilizaliwa kuifanya. Siku ya mpira wanaifanya milango ya tumboni, ile ya kuachia mabomu, ikiwa imefungwa.

Naendelea chini, msinikate kwanza.

Mzee wa Rada (#2)

Super Bowl inapewa sifa, lakini kwa mpenzi wa ndege hizi mahali pa kuhiji ni Pasadena, California, kila mwaka mpya. Asubuhi kuna gwaride la magari ya maua Colorado Boulevard, mchana mechi ya vyuo vikuu ndani ya uwanja wa Rose Bowl. Tangu 1997, ukitoa miaka michache, B-2 ndiyo inayofungua gwaride. Kwao saa mbili asubuhi, kwetu saa moja usiku, pilau la mwaka mpya bado lina moto.

B-2 haina mkia. Ni bawa tupu la mita 52, injini nne zimezamishwa kwa juu. Zilitengenezwa 21 tu, na ukigawanya gharama yote ya mradi, kila moja inakuja kama dola bilioni 2. Ikikujia kwa mbele huisikii vizuri. Unaona kitu cheusi chembamba kama ukingo wa kisu, kinakupita, ndipo kishindo kinafika. Ziliundiwa Palmdale, ng'ambo tu ya milima ya San Gabriel ukiwa Pasadena, kwa hiyo kila mwaka mpya ni kama mtoto aliyekwenda kufanya kazi Missouri amerudi kusalimia.

Kuna picha ya Januari 1, 2018, naamini wengi mmeiona: B-2 katikati kabisa ya Rose Bowl uliojaa, imepigwa kutoka juu, utadhani ndege imebandikwa kwenye nyasi. Mitandaoni watu walibisha kwamba imechezewa kwenye kompyuta. Aliyeipiga alikuwa juu kwenye Cessna 206, anaiendesha yeye mwenyewe huku anapiga picha. Mimi nikiendesha gari siwezi hata kubadilisha stesheni ya redio.

Desemba 2022 B-2 moja ilipata ajali Whiteman, zikazuiwa zote kuruka. Gwaride lililofuata likafunguliwa na B-1 mbili. Wajuzi walilalamika kama mashabiki walioletewa kikosi cha pili.

Mlipa Kodi Sugu (#3)

Mkuu umeandika vizuri, ila unatupitisha kichochoroni. Hiyo B-2 saa moja angani ni hela ngapi? Nilisoma mahali ni zaidi ya dola laki moja. Kutoka Missouri hadi California na kurudi ni saa ngapi? Halafu kwa sekunde tatu? Hata kama ni hela yao, mtu mwenye akili timamu hawezi kusifia.

Mzee wa Rada (#4)

Laki moja na zaidi kwa saa, hujakosea. Jibu la jeshi la anga la Marekani siku zote ni moja: rubani lazima atimize saa zake za mafunzo kila mwaka, bajeti ya saa hizo imeshapitishwa, kwa hiyo akizitumia kupita juu ya uwanja mlipa kodi haongezewi hata senti. Wanatimiza maombi kama 1,000 hivi kwa mwaka ya kupitisha ndege za kila aina, na nyingi si za mabomu, ni ndege ndogo za kivita.

Mimi hilo jibu nalikubali nusu. Rubani wa mabomu kweli anahitaji kufanya mazoezi ya kuwahi sekunde, kukutana na wenzake angani, kuongezewa mafuta akiwa juu. Hayo yote yapo kwenye safari ya Pasadena.

Mlipa Kodi Sugu (#5)

Na nusu ya pili? Usikimbie.

Mzee wa Rada (#6)

Sikimbii, nilikwenda kuzima jiko.

Nusu ya pili ni hii. Mwaka 2013 bajeti ya serikali ya Marekani ilipokatwa kwa mkupuo, miongoni mwa vitu vya kwanza kusitishwa ni hizi ndege za viwanjani. Sasa jiulize, kama ni bure kweli, kwa nini ziwe za kwanza kukatwa?

Na kuna kisa cha Super Bowl ya Februari 2011, Arlington, Texas. Jeshi la majini lilipitisha ndege nne za kivita aina ya F-18 zilizotoka Virginia. Uwanja ule una paa la kufungua na kufunga. Siku ile lilikuwa limefungwa! Watu zaidi ya elfu tisini ndani, hakuna aliyeona kitu juu ya kichwa chake, wakaonyeshwa kwenye skrini kama sisi wa sebuleni. Gharama iliyotajwa ni dola 450,000. Jeshi likajitetea kwamba watazamaji wa televisheni waliona, na ni mamilioni.

Humo ndimo siri imelala. Marekani ilifuta uandikishaji wa lazima jeshini 1973. Tangu hapo kijana lazima avutiwe mwenyewe. Tangazo la sekunde 30 kwenye Super Bowl linauzwa mamilioni ya dola. Ndege ikipita juu ya uwanja, kamera zote zinaigeukia bila kulipishwa.

Fundi Injini (#7)

Nakazia kwa mleta uzi. Mwaka 2015 maseneta wawili, John McCain na Jeff Flake, walitoa ripoti iliyoonyesha wizara ya ulinzi ililipa timu za michezo dola milioni 6.8 kati ya 2012 na 2015 kwa maonyesho ya uzalendo. Si ndege hasa. Ni bendera kubwa uwanjani, askari kutambulishwa mbele ya mashabiki, mambo ya namna hiyo. Shabiki anadhani timu yake inawaenzi wanajeshi kwa moyo, kumbe kuna ankara. Ligi ya mpira wa Kimarekani ikajikagua, 2016 ikarudisha dola 723,734. Ona wanavyohesabu hadi nne ya mwisho.

Lakini jamani upande wa usalama mmeuruka. Hizi ndege hazipiti kiholela. Sharti ni angalau futi 1,000 juu ya kitu kirefu kuliko vyote pale, kama mita 300. Novemba 2010 marubani wanne wa T-38, ndege za mafunzo, walipita juu ya uwanja wa mpira wa chuo kikuu Iowa City chini mno, na kwa kasi kuliko ilivyoruhusiwa. Mashabiki walipagawa kwa furaha, video ikasambaa, na ndiyo ikawa ushahidi. Kiongozi wa kundi akaondolewa kwenye kuruka na kazi yake jeshini ikaishia hapo.

Na mtu akiuliza kwa nini ukali wote huo, aangalie Juni 24, 1994 kambi ya Fairchild, jimbo la Washington. B-52 ilikuwa kwenye mazoezi ya maonyesho ya ndege. Rubani akailaza kwenye kona ya chini kupita kiasi, bawa likaelekea ardhini, ikaanguka. Walikufa wote wanne. Ndege ya tani zaidi ya mia haifanyiwi mbwembwe za pikipiki.

Mkaazi wa Nyali (#8)

Huku Kenya tumezoea ndege za kivita za F-5 zikipita Jamhuri Dei, watoto wanaziba masikio, wazee wanashika kofia. Ila hiyo ni sherehe ya serikali, jeshi liko kwake. Kuipeleka kwa mechi, tena kabla ya mechi ya kulipia tiketi, hapo ndio mimi hushindwa kuelewa. Kwani wao walianza lini?

Mzee wa Rada (#9)

Kaka, zamani kuliko unavyodhani. Septemba 1918, fainali za besiboli Chicago, vita kuu ya kwanza bado inaendelea, ndege za jeshi zilionekana angani siku ya mechi ya kwanza, na bendi ikapiga ule wimbo katikati ya mchezo. Wakati ule haukuwa hata wimbo wa taifa rasmi, uliupata ukubwa huo 1931. Wimbo, ndege na mchezo vilikutana wakati wa vita. Vita ikaisha, vyenyewe havikuachana.

Binti wa Igogo (#10)

Nyie wa sekunde, ngojeni niwape kisa cha huku Mwanza.

Machi 29, 1979, vita ya Kagera. Gaddafi alikuwa upande wa Idi Amin, akatuma ndege ya mabomu ya Kirusi, Tu-22, ije kupiga matangi ya mafuta Mwanza. Hiyo si ndege ya kubeza, inakwenda kasi kupita sauti. Ikaja, ikaachia mzigo, mzigo ukaangukia Kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama ziwani. Mji ukapona, swala wakafa. Mama yangu mpaka leo ukimtajia Saanane anaanza na hiyo, hata kama umeuliza habari ya boti za watalii.

Kwa hiyo mkuu nakuelewa kabisa kuhusu ile sekunde. Kwa mwendo wa ndege kama ile, kuteleza sekunde chache tu ndiyo tofauti ya matangi ya mafuta na swala. Sisi tulipona kwa sababu mtu alikosea hesabu.

Mzee wa Rada (#11)

Dada, hapo umeniweka chini. Nimesoma mambo ya Tu-22 miaka mingi na sikuwahi kuliunganisha hilo na uzi huu. Msalimie mama.

Semeni Kweli (#12)

Naomba niseme kitu, msinirukie.

Mnaongea sekunde, mafuta, paa limefungwa. Sawa. Dada wa Igogo ndiye pekee aliyekumbuka kwamba chini ya hizo ndege huwa kuna mtu. Mleta uzi ameandika "milango ya tumboni imefungwa" akapita kama ametaja rangi ya kiti. Hiyo B-2 ya maua ya Pasadena, ndiyo ipi hasa? Imefanya nini siku nyingine za mwaka? Tuambie na hilo, kwa sababu huo uwanja wa watu elfu tisini hauambiwi.

Mzee wa Rada (#13)

Haki yako, dada. Naweka kama ilivyo.

Machi 2011, B-2 tatu zilitoka Whiteman, ile ile kambi, zikapiga uwanja wa ndege wa kijeshi karibu na Sirte, Libya, zikarudi Missouri bila kutua njiani. Januari 2017, wiki chache tu baada ya mwaka mpya, mbili zikarudi eneo la Sirte kupiga kambi za ISIS, safari ya zaidi ya saa 30. Oktoba 2024 Yemen. Juni 22, 2025 B-2 saba zikadondosha mabomu 14 kwenye vituo vya nyuklia vya Fordow na Natanz, Iran, kila bomu tani 13 na ushee. Na Agosti 15, 2025 pale Anchorage, Alaska, Putin anatembea kwenye zulia jekundu na Trump, B-2 ikapita juu yao na ndege nne za F-35 ubavuni. Siku ile hapakuwa na mpira wala wimbo. Nilimwona Putin akiinua macho.

Ulichosema ni kweli, niliiandika ile milango kama mtu wa injini. Nikiri pia, na utanisamehe, kwamba mwaka mpya ujao saa moja usiku nitakuwa sebuleni nasubiri ile bawa nyeusi. Siwezi kujifanya sitaangalia.

Semeni Kweli (#14)

Angalia, kaka. Sijakukataza kuangalia. Nimeuliza tu inatoka wapi.

Mlipa Kodi Sugu (#15)

Mimi nimehama, sasa siulizi tena hela. Uzi umenishinda kwa Saanane.

Jangwani Damu (#16)

Mmemaliza mambo mazito? Swali langu jepesi. Hii kitu ikiletwa kwa Mkapa siku ya dabi ya Kariakoo, itawezekana?

Fundi Injini (#17)

Kiufundi ndiyo. Kimahesabu mtu wa redio angejiuzulu. Mechi imetangazwa saa kumi na moja, timu moja bado inabishana ipite mlango gani kwa sababu ya uchawi, mgeni rasmi yuko kwenye foleni ya Mandela, kipaza sauti kimekata. Wewe uko juu ya Bahari ya Hindi na B-52, unazunguka.

Mzee wa Rada (#18)

Zunguko la kumi na nne hilo, wanamletea mafuta kwa mara ya pili, na bado dua haijasomwa.